Bunduki ya Upepo: Springi Ndiyo Ichague Risasi

  Leo tutaongea juu ya chombo ambacho baadhi yenu mnacho nyumbani, na wengine mnafikiria kukinunua ili kupambana na panya wa ghalani na kunguru wanaonyakua vifaranga. Chombo chenyewe ni bunduki ya upepo. Hatusemi gobole wala bunduki ya baruti. Tunasema ile ya springi, ambayo unakunja mtutu wake, unatia punje moja ya risasi, unarudisha mtutu, unalenga na kufyatua.

Mtu akienda kununua bunduki hii huulizwa swali moja: “Unataka ya nne na nusu au ya tano na nusu?” Wengi hujibu haraka, “Nipe kubwa.” Wanafikiri kubwa ndiyo kali. Wengine hujibu, “Nipe inayokwenda mbio.” Wote wawili wamejibu bila kupima. Na kosa hilo halirekebishiki kwa urahisi, kwa sababu mtutu wa 4.5 hauwezi kupokea risasi ya 5.5, na mtutu wa 5.5 ukitiwa punje ya 4.5, punje itadondoka ikatokea upande wa pili. Ukishanunua umenunua. Basi tulizungumze jambo hili kabla fedha haijatoka mfukoni.

Bunduki hii hufanyaje kazi

Chukua pampu ya baiskeli. Ziba tundu lake kwa kidole, kisha sukuma mkono kwa nguvu. Utasikia upepo unabanwa, unapata joto, na unataka kutoka. Bunduki ya springi ni pampu ya namna hiyo hiyo. Ndani yake mna springi nene na pistoni. Unapokunja mtutu, unaibana springi mpaka inashikwa na kishikio chake. Unapovuta triga, springi inaachiwa, inaisukuma pistoni mbele kwa ghafla, upepo unabanwa mbele ya pistoni, na upepo huo ndio unaoisukuma risasi nje.

Sasa angalia jambo moja hapa, ndugu msikilizaji. Nguvu yote inatoka kwenye springi. Risasi haiongezi nguvu yoyote, kwa kuwa haina baruti. Kubadilisha upana wa risasi ni kuamua tu jinsi ya kuitumia nguvu ile ile. Ni kama mzigo na punda. Punda mmoja anaweza kubeba mzigo mdogo akaenda mbio, au akabeba mzigo mkubwa akaenda polepole. Ukitaka mzigo mkubwa na mbio vyote pamoja, tafuta punda mwingine.

Hilo ndilo neno letu la leo: kwanza ijue springi, kisha uchague risasi.

Namba unazozikuta dukani

Upana wa tundu la mtutu huitwa kaliba. Kaliba mbili ndizo zilizoenea kuliko zote. Ya kwanza ni milimita 4.5, ambayo kwa inchi huandikwa .177. Ya pili ni milimita 5.5, ambayo huandikwa .22. Bunduki za zamani kutoka Uingereza pengine hazikuandikwa hivyo. Utaona Na. 1, maana yake 4.5, au Na. 2, maana yake 5.5. Kiwanda cha BSA cha Birmingham, kilichoanza kutengeneza bunduki za upepo katika miaka ya 1900, kilitumia namba hizo.

Zipo kaliba nyingine mbili, milimita 5.0 na milimita 6.35. Hizi tuziache. Ya 5.0 risasi zake ni adimu. Ya 6.35 inataka springi yenye nguvu nyingi sana, la sivyo punje yake inakwenda kama jiwe lililotupwa na mtoto. Bunduki usiyoweza kuipatia risasi karibu na kwako ni sawa na jembe lisilo na mpini.

Punje ya 4.5 ya kawaida ina uzito wa nusu gramu hivi. Punje ya 5.5 ya kawaida ina uzito wa gramu moja hivi. Kwenye kopo uzito huandikwa kwa greni. Greni 15 ni karibu gramu moja, na greni 8 ni nusu gramu. Kwa hiyo ya 5.5 ni nzito karibu mara mbili. Tena uso wake unaogonga ni mpana mara moja na nusu kuliko wa 4.5. Na kwa upande wa gharama, madini ya uzito ule ule hutoa punje za 4.5 karibu mara mbili ya punje za 5.5.

Springi dhaifu na springi kali

Nguvu ya bunduki hizi hupimwa kwa jouli. Usiogope neno hilo. Jouli moja ni kazi ya kunyanyua kilo moja ya sukari sentimeta 10 tu. Bunduki dhaifu hutoa jouli 7 hivi. Bunduki kali ya kawaida hutoa jouli 16 hivi, yaani kama kunyanyua ndoo ya maji ya lita 20 kwa sentimeta 8. Unaona ni kidogo? Lakini nguvu hiyo yote imo ndani ya kipande cha madini kidogo kuliko punje ya hindi. Ikimpata mtu jichoni, jicho limekwenda.

Utajuaje bunduki yako iko upande gani? Kama ni mpya, soma karatasi yake. Kama ilitengenezwa kwa ajili ya soko la Ujerumani na ina herufi F ndani ya umbo la pembe tano, ilitoka kiwandani ikiwa haizidi jouli 7.5. Uingereza nayo, kwa kanuni za mwaka 1969, iliweka mpaka wa jouli 16 na kidogo kwa bunduki ambayo mtu anaweza kuwa nayo bila hati maalumu. Ndiyo maana bunduki nyingi za springi duniani zimejengwa kuzunguka vipimo hivyo viwili. Kama ni ya mitumba na maandishi yamefutika, hesabu kwamba ni dhaifu mpaka ijionyeshe vingine, kwa sababu springi huchoka na wosha ya pistoni huliwa.

Sasa tufanye hesabu. Risasi ikitoka mtutuni huanza kuanguka papo hapo, kama embe linavyoanguka mtini. Inayokwenda mbio hufika kabla haijaanguka sana. Inayokwenda polepole huanguka zaidi njiani. Tukichukua shabaha iliyo mita 30 mbele yetu, hesabu inakuja kama hivi:

Kwa springi ya jouli 16, punje ya 4.5 huondoka na mwendo wa mita 240 kwa sekunde, na inapofika huwa imeanguka sentimeta 9 hivi. Punje ya 5.5 huondoka na mwendo wa mita 180 kwa sekunde, na inapofika imeanguka sentimeta 16 hivi.

Kwa springi ya jouli 7.5, punje ya 4.5 huondoka na mwendo wa mita 170 kwa sekunde na kuanguka sentimeta 18 hivi. Punje ya 5.5 huondoka na mwendo wa mita 130 kwa sekunde na kuanguka sentimeta 30 hivi.

Sentimeta 30, ndugu zangu! Hiyo ni rula nzima ya mtoto wa shule. Ukikosea kukisia umbali kwa hatua chache tu, risasi inapita juu ya panya au inachimba udongo mbele yake. Na vibaya zaidi, inampata mguuni au tumboni, anakimbia na maumivu akafie ndani ya dari, mnuke wiki nzima. Mnyama mharibifu naye hutaabika. Kama tumeamua kumwua, tumwue mara moja.

Kutokana na hesabu hiyo tunapata kanuni. Springi ikiwa dhaifu, chukua 4.5, na usipige mbali. Springi ikiwa kali, unayo nafasi ya kuchagua: 4.5 kama unataka risasi inyooke na lengo lako ni dogo, 5.5 kama mnyama wako ni mkubwa kidogo, unapiga kwa umbali unaoujua, na unataka pigo zito.

Mchezo mfupi

Hebu sasa tumsikilize mama mmoja mfugaji wa kuku wa pwani akizungumza na bwana shamba.

BWANA SHAMBA: Hodi hapa! Shikamoo mama.

MAMA: Marahaba mwanangu, karibu. Umekuja wakati mzuri. Kunguru wamenimaliza. Jana nilikuwa na vifaranga kumi na mmoja, leo nahesabu saba.

BWANA SHAMBA: Pole sana mama. Ni kunguru gani? Wale wenye kifua cheupe?

MAMA: La, wale wa kijivu shingoni. Wale wenye fujo.

BWANA SHAMBA: Hao ndio wageni, mama. Asili yao ni Bara Hindi. Waliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili wale takataka, kisha wakaenea pwani yote. Yule mwenye kifua cheupe ni mwenyeji wetu, yeye tumwache.

MAMA: Sasa shemeji yangu ana bunduki ya upepo ya zamani, anataka kuniuzia. Ni ya 5.5. Anasema hiyo ndiyo ya kunguru.

BWANA SHAMBA: Umeiona ikifyatuliwa?

MAMA: Nimeiona. Alipiga kopo la maziwa pale kwenye mpapai. Lilibonyea, halikutoboka.

BWANA SHAMBA: Umbali gani?

MAMA: Hatua kumi na tano.

BWANA SHAMBA: Basi mama, springi hiyo imechoka. Kunguru ana uzito wa gramu 300 hivi, ana manyoya mengi na mbawa ngumu. Bunduki isiyotoboa kopo kwa hatua 15 itamjeruhi tu. Tena ni 5.5 katika springi dhaifu, itakwenda polepole na kuanguka mapema. Shemeji hakukudanganya, 5.5 ni nzuri kwa kunguru, lakini kwa springi kali.

MAMA: Kwa hiyo nisinunue?

BWANA SHAMBA: Usiinunue hiyo, labda atie springi mpya na wosha mpya kwanza, na fundi awe anajua kazi yake. Lakini mama, hata ukipata nzuri, usitegemee bunduki peke yake. Kunguru ana akili. Ukimpiga mmoja, wenzake watakujua wewe, watajua na fimbo yako. Kesho watakaa juu ya mnazi wakikucheka.

MAMA: (anacheka) Hayo kweli. Hata kombeo wanalijua.

BWANA SHAMBA: Anza na tenga. Vifaranga wakae ndani ya tenga au chini ya wavu mpaka watimize wiki sita hivi. Fukia mabaki ya chakula na utumbo wa samaki, maana hayo ndiyo yanawaita. Baada ya hapo, kama yupo mmoja aliyezoea kuja uani, ndiye wa bunduki.

MAMA: Nimekusikia mwanangu. Tenga ninalo, nitaongeza na wavu.

Basi, ndugu wasikilizaji, mmesikia. Tatizo la kunguru hao ni kubwa kuliko uwezo wa mtu mmoja na bunduki yake. Mwaka 2024 idara ya wanyamapori ya Kenya ilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa idadi ya milioni moja. Bunduki ya upepo ni ya kumwondoa mharibifu mmoja mmoja aliye karibu. Na kwa kwelea kwelea haifai hata kidogo. Ndege mmoja wa hao hula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku, na kundi lao linaweza kuwa na ndege mamilioni. Hapo toa taarifa kwa ofisi ya kilimo, usipoteze risasi.

Umbo la risasi nalo ni jambo

Punje nyingi zina kiuno chembamba katikati na sketi nyuma. Ile sketi ni laini, na upepo unapoisukuma hutanuka na kuziba mtutu, upepo usivuje. Kwa hiyo punje iliyobonyea sketi ni ya kutupa. Haitakwenda unakolenga.

Kwa kichwa, chagua cha mviringo. Hicho hukata upepo vizuri na kwenda sawasawa. Kichwa bapa ni kizuri kwa karibu, mita 10 au 15, kama panya wa ghalani. Kichwa chenye ncha kinavutia macho dukani, lakini si lazima kilenge vizuri kuliko cha mviringo.

Chagua pia uzito wa katikati. Punje nyepesi mno huifanya pistoni ikagonge mwisho wa bomba bila kuzuiwa vya kutosha na upepo. Punje nzito mno huifanya pistoni irudi nyuma kabla risasi haijatoka. Vyote viwili huharibu shabaha na kuichosha springi. Kwa 4.5 kaa kwenye greni 7 mpaka 9. Kwa 5.5 kaa kwenye greni 14 mpaka 16.

Usitie goroli za chuma katika mtutu wenye mifuo. Zinakwangua mifuo, na zikigonga kitu kigumu hurudi kwako. Usitie kokoto, msumari uliokatwa wala mbegu. Na usifyatue bunduki tupu bila risasi ndani, kwa kuwa hapo pistoni haina mto wa upepo wa kuizuia, inajipiga yenyewe.

Wengine husema, “Nitie mafuta mbele ya pistoni iende kwa nguvu.” Acha kabisa. Upepo ule ukibanwa unapata joto kali, mafuta yanaweza kuwaka kwa mshindo, na wosha na springi vikaharibika siku hiyo hiyo.

Jaribio la kifuniko cha soda

Ukitaka kujua risasi gani inaifaa bunduki yako, usimwulize mtu. Iulize bunduki yenyewe. Nunua kopo moja moja la aina mbili za kaliba yako. Weka sanduku lililojazwa mchanga au matambara mazito, na nyuma yake kuwe na ukuta wa udongo au kilima. Bandika karatasi yenye alama ndogo katikati. Simama hatua 10. Piga risasi tano za aina ya kwanza ukilenga pale pale. Kisha weka karatasi nyingine upige tano za aina ya pili.

Chukua kifuniko cha chupa ya soda. Je, kinafunika matundu yote matano? Kama kinafunika, rudi nyuma hatua 5 ujaribu tena. Endelea hivyo mpaka kifuniko kishindwe. Ule umbali wa mwisho ambao kifuniko kilifunika matundu yote ndio mpaka wako. Zaidi ya hapo usimpige mnyama yeyote. Kwa bunduki dhaifu pengine mpaka utakuwa hatua 15. Kwa kali na mpigaji aliyezoea, pengine hatua 30.

Hapo utagundua jambo jingine. Bunduki ya springi huruka mara mbili: kwanza inarudi nyuma, kisha pistoni ikifika mwisho inasukumika mbele, na yote hayo hutokea risasi ikiwa bado mtutuni. Ukiikaba kwa nguvu, risasi zitatawanyika. Iweke juu ya kiganja kilicho wazi, ipumzike hapo, na uishike kwa upole. Wala usiulaze mtutu juu ya kitu kigumu kama jiwe au dirisha.

Na unapotia risasi, shika mtutu kwa mkono mmoja mpaka umalize. Springi ikiponyoka huku mtutu umekunjwa, mtutu hurudi kwa ghafla na kukata kidole kama panga.

Madini ya risasi ni sumu

Sehemu hii tunaomba muisikilize vizuri, hasa kina mama na kina baba wenye watoto wadogo. Punje nyingi hizi zimetengenezwa kwa madini ya risasi, na madini hayo ni sumu. Kwa mtoto huharibu ubongo taratibu, bila homa wala jeraha la kuonekana. Usiweke punje mdomoni wakati wa kulenga, kama wafanyavyo wengine. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Kopo lifungwe na liwekwe mahali watoto hawafiki.

Kuku nao wamo hatarini. Tunajua kuku humeza vijiwe ili kusaga chakula chake firigisini. Punje ya risasi iliyolala uani kwake ni kijiwe kama vingine. Ataidonoa, itasagika firigisini, na sumu itaingia mwilini na katika mayai. Utakuwa umewalinda kuku na kunguru, kisha umewaua wewe mwenyewe. Ndiyo maana tukasema upige kwenye sanduku la mchanga, na punje uziokote baadaye.

Ghalani vivyo hivyo. Usimpige panya aliye juu ya magunia au juu ya lundo la mahindi. Punje itapasuka vipande na kuingia katika chakula. Subiri ashuke sakafuni, nyuma yake kukiwa na ubao au gunia la mchanga. Panya wakiwa wengi, mitego, paka na ghala lenye vikinga panya miguuni vitafanya kazi kubwa kuliko bunduki. Panya au kunguru aliyekufa, mshike kwa mfuko wa plastiki na kumfukia chini. Usimwachie mbwa wala kuku.

Sheria na majirani

Kabla hujatoa hata senti, nenda kituo cha polisi kilicho karibu. Waeleze unataka bunduki ya aina gani na kwa kazi gani. Wakitaka kibali au kuiandikisha, fanya hivyo kwanza. Usikubali maneno ya muuzaji kwamba “hii ni ya upepo tu, haina sheria.” Na wanyamapori wana sheria yao. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania, kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009, mtu hawindi bila leseni. Kanga, kware na njiwa wa porini si mboga ya bunduki yako. Kama hujui mnyama fulani yuko upande gani, mwulize afisa wanyamapori kabla ya kumlenga.

Kisha fikiria majirani. Risasi iliyopigwa kuelekea juu inaweza kwenda zaidi ya mita 200 kabla haijaanguka. Kunguru aliye juu ya mnazi, nyuma yake ni mbingu tu, usimpige. Hujui ng'ambo ya mnazi kuna nani. Ngoja atue chini, nyuma yake kuwe na udongo. Usipige kuelekea jiwe, bati wala maji, kwa sababu risasi hurudi au hupotoka. Mjini na penye nyumba zilizobanana, iache kabisa. Na ukimaliza kazi, bunduki ifungiwe ikiwa haina risasi na springi imelegezwa. Springi ikikaa imebanwa usiku kucha inachoka, na bunduki iliyokokiwa ni mtego wa watoto.

Tukumbushane

Kabla ya kumaliza, tuyarudie mambo makubwa ili uyaandike daftarini.

Kwanza, jua nguvu ya springi. Dhaifu, chukua 4.5. Kali, chagua kufuatana na kazi.

Pili, jua unachopiga. Panya mdogo wa ghalani kwa karibu, 4.5 yatosha. Kunguru, 5.5 yenye springi kali.

Tatu, jua mpaka wako kwa kifuniko cha soda, na usiuvuke.

Nne, chagua punje ya kichwa cha mviringo, ya uzito wa katikati, yenye sketi nzima.

Tano, okota punje zako. Chakula, kuku na watoto wasikutane na madini ya risasi.

Sita, polisi kwanza, duka baadaye.

Na kama baada ya kupima yote hayo umeona kwamba tenga, wavu na mtego vinakutosha, basi hukupoteza wakati wako kutusikiliza. Umeokoa fedha ya bunduki. Nunua mbegu bora.